KUUA NA KUUANA

Tumeulizwa na kijana mmoja wa darasa yetu juu ya neno la Kiingereza, internecine. Amelikuta katika gazeti likitumiwa kueleza ugomvi wa watu wa chama kimoja, kisha akalikuta tena katika kitabu likitumiwa kueleza mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Kijana huyu ataka kujua: Je, maana yake ni vita vya wenyewe kwa wenyewe? Je, yafaa kulitafsiri kwa neno letu fitna? Na vipi neno moja likafaa kwa ugomvi wa maneno uliokwisha kwa kupiga kura, na likafaa pia kwa damu ya watu malaki?

Tulidhani ni swali dogo, la kujibiwa kwa maneno mawili baina ya Magharibi na Isha. Tulipolichunguza tuliliona kuwa ni kubwa, tena latuhusu sisi wenyewe kuliko linavyowahusu Waingereza. Kwa hivyo tumeona bora tulijibu kwa maandishi, ili afaidike aliyeuliza na asiyeuliza.

Kwanza twataka kueleza khabari ya neno lenyewe. Katika hili tumesaidiwa na mwalimu mmoja mwenye kuijua lugha ya Kiingereza na asili zake, nasi twamshukuru.

Neno hili asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Lina vipande viwili. Kipande cha pili chatokana na neno lenye maana ya kuua. Kipande cha kwanza ni inter, na hiki ndicho kilicholeta mashaka. Mara nyingi inter katika Kilatini ni kama neno letu baina. Lakini katika baadhi ya vitenzi hakina maana ya baina kabisa. Kazi yake ni kutia nguvu na kuonyesha kuwa jambo limefika mwisho wake, kama sisi tunavyosema potelea mbali au fia mbali. Hivyo ndivyo kilivyo katika neno hili. Maana yake ya asili ni vita vya kuua hata asibaki mtu. Ndani ya maana hiyo hamna udugu, wala hamna kusema kuwa wanaouana ni watu wa nyumba moja.

Mwanahistoria wa Kirumi, Livy, amelitumia neno hili kwa umbo lake la Kilatini katika khabari ya watu walioitwa Ausones, waliokaa kusini ya Roma. Katika mwaka 314 kabla ya Nabii Isa (a.s.), milango ya miji yao mitatu ilifunguliwa kwa khiana ya vijana wao wakubwa, na askari wa Kirumi wakaingia. Makamanda hawakuwapo, na kuua kukawa hakuna kipimo. Livy aeleza kuwa taifa lile lilifutwa, ilhali kosa la uasi waliloshutumiwa halikuthibiti sawasawa, na mambo yakawa kana kwamba palikuwa na vita vya kuangamiza. Tazama, msomaji: hapo pana mwenye kuua na mwenye kuuawa, na kila mmoja ajulikana ni nani. Neno halikuwachanganya.

Neno hili lilipoingia katika Kiingereza lilikuwa adimu sana. Mshairi Samuel Butler alilitia katika shairi lake la Hudibras, lililotoka mwaka 1663, alipokuwa akiwacheka watu wanaopigania dini kwa upofu. Akalitumia kwa vita vya Wamisri wa kale kwa ajili ya mbwa waliowaabudu. Kisha mwaka 1755 akatoka Samuel Johnson na kamusi yake mashuhuri, iliyochapishwa London, yenye maneno zaidi ya elfu arubaini. Johnson alikuwa mtu wa ilimu nyingi, na Kilatini alikijua vizuri. Lakini alipofika kwenye neno hili alikichukua kile kipande cha kwanza kwa maana yake ya kawaida, yaani baina, akaeleza kuwa neno maana yake ni kutaka kuangamizana. Watu wakaifuata kamusi yake, na neno likageuka. Baadaye wakaongeza kwamba wanaoangamizana ni jamaa: watu wa nchi moja, au chama kimoja, au nyumba moja. Wenye kamusi kubwa ya Oxford waliokuja nyuma yake walilitambua kosa hili na kulitaja, lakini maana mpya ilikuwa imekwisha kukaa, na mpaka leo ndiyo itumikayo.

Msomaji wetu asiyejua Kilatini wala Kiingereza ataona jambo hili waziwazi akiitazama lugha yake mwenyewe. Sisi tuna kuua, na tuna kuuana. Tuna kupiga na kupigana, kuchukia na kuchukiana, kudhulumu na kudhulumiana. Katika Kiarabu vilevile, aliyesoma sarfu ajua kuwa qatala ni kuua, na iqtatala ni kupigana watu na kuuana. Silabi moja tu imezidi, na hukumu nzima imebadilika. Ukisema, "Huyu amemuua yule," umetaja muuaji na umetaja aliyeuawa. Ukisema, "Wameuana," kila mmoja umemfanya muuaji, na damu umeigawa sawasawa baina yao. Kosa la Johnson ni hilo: alikuta kuua, akaandika kuuana.

Sasa, je, tuwaambie Waingereza waiache maana mpya warejee ya zamani? La. Lugha ni mali ya wanaoisema, na neno likishikwa na watu wote kwa maana moja, maana hiyo imekuwa ya haki hata kama mlango lililoingilia ulikuwa wa makosa. Sisi wenyewe tuna maneno mangapi ya Kiarabu tuliyoyageuza maana, na hakuna atutakaye tuyarudishe! Tena maana mpya ina faida yake, kwani vita vya jamaa kwa jamaa viko, na vyataka jina lake.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wake. Hapa Mombasa, Mazrui walitawala takriban karne moja. Sayyid Said bin Sultan alikwisha kuwajia kwa merikebu na mizinga zaidi ya mara moja, asiweze kuushika mji ukadumu mkononi mwake. Alipokufa Liwali Salim bin Ahmed katika mwaka 1835, ukoo uligawanyika juu ya nani atawale, na watu wa mji nao wakagawanyika pamoja nao. Mwaka 1837 mji ukaingia mkononi mwa Sayyid Said. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, na waliosalia wakahamia Gazi na Takaungu. Ngome isiyoanguka kwa mizinga ilianguka kwa kugombana walio ndani. Hapo kila upande ulikuwa na nguvu, kila upande uliitumia nguvu yake dhidi ya nduguye, na hasara ikawapata wote. Kwa jambo kama hili neno lile la Kiingereza lafaa kwa maana yake ya leo, na hakuna aliyeonewa kwa kuitwa hivyo.

Lakini ndugu zetu, neno kama hili si jina tu. Ni ushahidi. Mwenye kulitamka ashuhudia mambo matatu: kwamba wanaogombana ni watu wa nyumba moja, kwamba kila upande wapiga na wapigwa, na kwamba uharibifu wawafikia wote. Likikosekana moja katika hayo, ushahidi wake ni wa uongo hata kama nia yake ilikuwa njema. Na ushahidi huu wa uongo hutolewa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kulitumia neno kubwa kwa jambo dogo. Hili ndilo la yule mwandishi wa gazeti aliyelitumia kwa watu wa chama waliokhitilafiana juu ya nani awe mgombea. Watu wakikaa barazani wakatoa rai mbalimbali, hawajaangamizana, wamekhitilafiana. Imamu Shafii alisoma kwa Imamu Malik huko Madina, kisha akakhitilafiana naye katika mas-ala mengi, na khitilafu hiyo imebaki vitabuni mpaka leo. Hapana mwenye akili aliyesema kuwa mwanafunzi alimpiga vita mwalimu wake. Ukiizoeza jamii kuita kila khitilafu vita, watu wataogopa kutoa rai, kisha wenye rai wakinyamaza hubaki kusema wenye sauti kubwa. Hii ni madhara, lakini ni madhara madogo kuliko yale ya pili.

Njia ya pili ni kusema wameuana pale ambapo mmoja ameua na mwingine ameuawa. Na hapa twarudi kwenye Rwanda, kwa kuwa kijana wetu ameitaja.

Katika Rwanda ya mwaka 1994 palikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa vita baina ya jeshi la serikali na jeshi la RPF, vilivyoanza Oktoba 1990. Hivyo vilikuwa vita: huku bunduki na huku bunduki. La pili lilianza baada ya ndege ya rais kutunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Hilo lilikuwa kuwatafuta Watutsi nyumbani mwao, njiani na mahali pa ibada, wanaume, wanawake na watoto, na kuwaua. Na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki. Kwa muda wa siku kama mia moja waliuawa watu wasiopungua 500,000, na Umoja wa Mataifa umetaja kadiri ya 800,000. Aliyekuwa amejificha darini pamoja na watoto wake hakuwa akipigana na mtu.

Lakini walimwengu waliokuwa mbali waliyachukua mambo haya mawili wakayatia katika chungu kimoja. Wengi walisema kuwa hawa ni makabila yaliyozoea kuuana tangu zamani. Na mtu akikwambia watu wanauana, wewe wafanya nini? Wakaa mbali mpaka wachoke. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama, kwa azimio lake namba 912, lilikata kuwapunguza askari wa Umoja wa Mataifa walioko huko, ambao walikuwa kiasi cha 2,500, wabaki 270 tu. Hatusemi kuwa neno moja ndilo lililowaondosha askari; zilikuwako sababu nyingine za siasa, na woga, na kutojali. Lakini neno lilizipa sababu hizo kanzu ya kuvaa. Baadaye mahakama ya kimataifa iliyowekwa Arusha iliyapambanua mambo, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa kosa la mauaji ya kimbari. Maana ya hukumu hiyo kwa lugha yetu sahali ni hii: hapa hapakuwa na kuuana, palikuwa na kuua. Lakini hukumu ilipotoka, waliouawa walikuwa na miaka minne kaburini.

Wazee wetu walisema, wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii twaisema kila siku bila ya kuizingatia. Ndovu wanapigana, nyasi hazipigani, zaumizwa. Mwenye kusema kuwa ndovu na nyasi wote wako katika ugomvi mmoja hakuifahamu methali.

Sasa tuje kwenye swali la pili la kijana wetu: je, neno hili litafsiriwe kwa fitna?

Watu wetu hulitumia neno fitna kwa mambo mengi: umbea, uchochezi, ugomvi wa ndugu, na kila kelele inayovunja utulivu wa nyumba au mji. Lakini asili ya neno hili katika Kiarabu, kama walivyoeleza wenye kamusi, ni kuitia dhahabu au fedha katika moto ili ipate kupambanuka, safi iwe mbali na takataka iwe mbali. Hiyo ndiyo maana ya mtihani iliyomo ndani yake. Basi fitna kwa asili yake yabainisha. Na sisi leo twaitumia kufunika. Palipo na mwenye haki na asiye na haki twasema, "Hii ni fitna tu," na tukisema hivyo tumekwisha kuichanganya dhahabu na takataka na kuizima ile moto.

Mbaya zaidi ni kuwa watu huitaja ile aya ya Suratul-Baqara inayolinganisha fitna na kuua, wakamtishia nayo mtu aliyesimama kudai haki yake. Lakini wafasiri walioieleza aya hiyo wamesema kuwa fitna iliyokusudiwa hapo ni shirki, na ni kule kuwatesa waumini ili waiache dini yao. Yaani ni kitendo cha mdhulumu, si kilio cha madhulumu. Basi huoni kuwa ni jambo la ajabu, aya iliyoshuka kumlaumu mtesaji ikageuzwa fimbo ya kumnyamazishia aliyeteswa?

Na kama twataka kujua namna ya kusema pale waumini wanapopigana, tuirejee Suratul-Hujurat, aya ya 9. Hapo kitendo cha mwanzo kimetajwa kwa umbo la kupigana, lile lenye pande mbili, na amri ya kwanza ni kusuluhisha. Lakini aya haikukomea hapo. Yataka itazamwe: je, mmoja katika wawili hao amempindukia mwenzake? Ikiwa amempindukia, kitendo hakitajwi tena kwa umbo la pande mbili; chatajwa kwa umbo la mmoja, naye apingwe mpaka arejee kwenye haki. Akisha kurejea ndipo pasuluhishwe mara ya pili, na suluhu hii ya pili imefungwa na sharti ya uadilifu. Basi udugu haukufanywa sababu ya kutotazama nani amekosa. Walioitwa ndugu ndio hao hao walioamrishwa wapimwe.

Twasema haya si kwa kuwanyooshea wengine kidole. Kosa hili tumelifanya sisi, tena kwa ulimi wetu na mbele ya watu, na hiyo ndiyo sababu swali la kijana huyu halikutuacha tulale.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kusuluhisha baina ya ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Mama yao alikuwa ametangulia, kisha baba yao akafa akaacha nyumba yenye duka chini yake. Hesabu yake kila mwanafunzi wa mirathi aijua: mafungu matano, kila mwanamume mawili, mwanamke moja. Lakini wale wanaume waliishika nyumba na wakawa wanachukua kodi ya duka kwa miaka sita, na dada yao, aliyeolewa mji mwingine, hakupata kitu. Alipokuja kudai, walimpandishia sauti, naye akapandisha yake. Jamaa wakagawanyika, na watu wakawa hawazikani wala hawaozani.

Tulipofika tuliikuta nyumba imejaa makelele. Nasi tukafanya nini? Hatukuuliza kodi ni kiasi gani. Hatukuuliza aliyeichukua ni nani. Tulisoma khutba juu ya udugu na ubaya wa fitna, tukawaambia, "Nyote mmekosa, sameheaneni." Wakapeana mikono. Wanaume wakamtolea dada yao kitu kidogo kwa jina la zawadi, watu wakasoma Fatiha, pakanywewa kahawa, nasi tukarudi kwetu tumefurahi kuwa tumeunganisha udugu uliokatika.

Mwaka wa pili yule mwanamke alitukabili nje ya nyumba ya jamaa yetu mmoja palipokuwa na tanzia. Alizungumza kwa adabu, hakuinua sauti. Akasema, "Sheikh wangu, siku ile ulisema tumegombana. Mimi sikugombana na ndugu zangu. Mimi nilidai changu. Tangu siku ile kila nikitaka kusema naambiwa, sheikh amekwisha kusuluhisha, usirudishe fitna." Hatukuwa na jawabu. Na mpaka leo hatuna, ila kukiri.

Baada ya maneno hayo tulirudi kwa wale wanaume, tukakaa nao kwa kalamu na karatasi kama tulivyopasiwa kufanya tangu mwanzo. Mmoja aliogopa Mungu, akalipa alichokuwa akidaiwa. Wa pili alitwambia, "Sheikh, si wewe uliyesema nyote mmekosa?" Akatufunga kwa neno letu wenyewe. Yule mwanamke amekwisha kufa. Fungu lake kwa nduguye huyo halijalipwa, na sasa ni deni la watoto wake. Kila tukipita mbele ya duka lile twajua kuwa sehemu ya kufuli iliyoko mlangoni ni ya ulimi wetu.

Huenda akatokea wa kutwambia, "Ninyi mnataka kila ugomvi utafutwe mdhulumu, na ukimtaja mdhulumu hapana suluhu tena. Afadhali kufunika mambo watu wakae kwa amani." Jawabu letu ni kuwa maneno haya yana nusu ya kweli. Magomvi mengi ya nyumba zetu kila mmoja amemkosea mwenzake, na hapo kusema "mmegombana, sameheaneni" ni haki na ni tiba. Wala hatusemi kuwa kila anayelia ameonewa. Wako wanaolia ili wasiulizwe. Ndiyo maana mwenye kudai hutakiwa bayina, na mwenye kukana hutakiwa kiapo. Tusemalo ni kwamba msuluhishi atazame kwanza, kisha ndipo ataje jina. Sisi siku ile tulitaja jina kwanza ili tusilazimike kutazama.

Na ile amani inayopatikana kwa kufunika, aikaaye kwa raha ni nani? Ni yule aliyeshika mali. Aliyenyang'anywa hana amani, ana kimya. Wenye kutazama kwa mbali hawawezi kupambanua baina ya viwili hivyo.

Basi jawabu letu kwa kijana wetu kwa mukhtasari ni hili. Neno hilo la Kiingereza leo lina maana ya vita vya jamaa wanaoangamizana. Likitafsiriwa, liandikwe hivyo hivyo: vita vya jamaa kuangamizana. Lisitafsiriwe kwa fitna, kwani neno hilo tumekwisha kulichosha. Na kabla ya kulitumia, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, mtu ajiulize maswali matatu. Je, hawa ni watu wa nyumba moja kweli? Je, kila mmoja ana nguvu na anaitumia dhidi ya mwenzake? Je, hasara yawapata wote? Jawabu likiwa ndiyo katika yote matatu, basi na alitumie, kisha akimbilie kusuluhisha kabla nyumba haijaingiliwa na mwingine, kama ilivyokuwa Mombasa. Ikiwa hakuna ila rai mbalimbali, na aseme khitilafu, awaache watu waseme. Na ikiwa mmoja ana panga na mwingine hana ila shingo, au mmoja ana ufunguo na mwingine hana ila madai, basi na aliondoe lile "-ana" mwishoni mwa kitenzi, aseme nani amefanya na nani amefanyiwa.

Johnson alipokosea alikosea katika kamusi, na kosa lake halikumnyima mtu fungu la mirathi. Sisi tunaoitwa kusuluhisha makosa yetu huandikwa katika maisha ya watu, na hayasahihishwi kwa chapa ya pili. Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mwanamke yule, amlainishe moyo nduguye alipe kabla ya siku ambayo hakulipwi kwa fedha, na atughufirie sisi tulionena kabla ya kutazama. Amina.